Kando ya Saa

Baba hapendi dirisha lililo wazi.
Akilikuta kwenye kompyuta ya kiwandani,
kati ya mizani na madebe ya maziwa,
hulifunga kwa ule msalaba wa pembeni,
kama anayepangusa makombo mezani,
kisha hurudi kwenye jibini lake.

Na dirisha likifa, programu yangu hufa nalo,
na programu ikifa, chumba cha baridi
hakina anayekitazama.
Novemba, hapa Smolyan, theluji ya kwanza ikidondoka,
tulitupa jibini arobaini za duara.
Baba hakufoka.
Alimpigia simu Rumen mwenye nguruwe.

Nikamwambia: nitakuwekea kitu kidogo,
kijani, kama punje ya njegere,
chini kulia, kando ya saa.
Ukilifunga dirisha halitakufa, litajificha tu;
punje itabaki macho.
"Itakula umeme?"
Kidogo.
"Haya."

Kusema ni rahisi.
Dirisha lina kitanzi chake, huzunguka likisubiri kidole.
Ikoni nayo ina kitanzi chake,
na kila kimoja kinaudai uzi mkuu.
Nikianza na dirisha, ikoni haizaliwi.
Nikianza na ikoni, dirisha haliji,
skrini inabaki nyeupe kama mlima huko nje.
Wahenga walikwisha kusema habari ya mafahali wawili na zizi;
hawakusema ufanyeje
ukiwahitaji wote wawili, na zizi ni hilohilo.

Usiku wa nne nikawatenganisha.
Uzi mkuu nikaliachia dirisha, maana lina makuu.
Ikoni nikaitafutia uzi wa nyuma
na sharti moja:
usiliguse dirisha kwa mkono wako.
Ukiwa na neno, liweke kwenye foleni,
mwenzio atalisoma akipata nafasi.
Nililisahau sharti hilo mara moja,
na kila kitu kikaganda, hata mshale wa kipanya.

Sharti lenyewe si geni kwangu.
Ndivyo tunavyoishi, mimi na Baba, tangu Februari:
yeye mbele, kwenye sufuria na chumvi,
mimi nyuma, kwenye nyaya.
Neno langu naliandika, nalibana chini ya kikombe:
Umekula?
Yule wa Plovdiv amelipa?
Jibu huja siku ya tatu,
likiwa na duara la kahawa.

Jana alijaribu.
Akafunga dirisha, punje ikabaki.
Akatoka nje, akakung'uta viatu, akarudi, akaichungulia.
Akaibofya: dirisha likarudi palepale, digrii nne.
Akafunga. Akafungua. Mara sita,
kama mtoto aliyegundua kabati.
"Na kuizima kabisa?"
Bofya kitufe cha kulia, chagua Ondoka.
Itakuuliza kama una hakika.
"Iulize mara mbili," akasema.
Nikaandika swali la pili.

Kuna jambo sikumwambia.
Programu ikianguka ghafla, bila kuaga,
ikoni yake hubaki kando ya saa,
kijani vilevile, ndani hamna mtu,
mpaka mshale upite juu yake.
Hapo ndipo inapotoweka,
na zilizo jirani husogea kuziba pengo.

Wenzangu kazini huiita kasoro.

Mlangoni, kwenye msumari,
aproni ya Mama bado ina chumvi mfukoni
na kalamu ya kuandikia tarehe kwenye vifuniko.
Mlango ni mwembamba.
Tunapita kwa ubavu, mimi na Baba,
kila mmoja akichunga bega lake.